AFYA: Baridi yabisi ya bega na njia za kuitibu bila ya upasuaji

KILA asubuhi, kabla ya jua kupanda juu ya mapaa ya Mji wa Kale, mikokoteni ya maji huanza kuingia katika vichochoro vya Kibokoni na Mkanyageni. Mtungi mmoja wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na katika nyumba za ghorofa ambazo mfereji wake umekauka, mchukuzi huutia begani na kuupandisha ngazi. Akimaliza mmoja, hurudi kuuchukua wa pili. Kazi kama hiyo, na zile za mahamali wa bandarini na sokoni, hutegemea kiungo kimoja ambacho mwenyewe hakikumbuki ila siku kinapoanza kuuma.

Bega likiharibika, si mchukuzi peke yake anayeumia. Mama hushindwa kuanika nguo na kukuna nazi. Fundi wa rangi hawezi tena kufikia dari, na mzee hushindwa kuvaa kanzu bila ya kusaidiwa. Usiku, ambao ungekuwa wa mapumziko, ndio huwa mgumu zaidi kwa kuwa mgonjwa hawezi kulalia ubavu wa upande unaouma.

Wengi wanaofikwa na hali hii hukawia kumwona daktari kwa sababu mbili. Kwanza, huamini kuwa ni "baridi" tu na itapita. Pili, huogopa kuambiwa kuwa dawa yake ni kisu. Hofu hiyo ya pili haina msingi mkubwa, kwani upasuaji huwa hatua ya mwisho katika matibabu ya ugonjwa huu. Kabla ya kufikia hapo zipo njia nyingi, na wagonjwa wengi huweza kuendelea na maisha yao kwa njia hizo pekee. Hata hivyo, baadhi ya njia zinazopendwa mitaani hazisaidii, na nyingine huharibu zaidi.

Jina lenye historia

Waswahili waliuita ugonjwa wa viungo "baridi yabisi" tangu zamani. Yabisi ni kavu. Maneno hayo mawili yanatokana na elimu ya tiba ya kale ya Wagiriki, iliyoendelezwa na matabibu wa Kiislamu kama vile Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, na kuenea katika mwambao wote wa Bahari ya Hindi. Katika elimu hiyo, mwili ulidhaniwa kutawaliwa na sifa nne: joto, baridi, unyevu na ukavu. Kiungo kilichokakamaa na kuuma kilihesabiwa kuwa kimezidiwa na baridi na ukavu, na dawa yake ikawa ni vitu vya moto na mafuta.

Jina hilo limedumu, lakini limeacha dhana isiyo sahihi. Baridi ya msimu wa kusi au kuoga maji ya mtungi alfajiri hakuleti ugonjwa wa viungo, ingawa baadhi ya wagonjwa husema maumivu yao huzidi hali ya hewa inapobadilika. Isitoshe, jina hilo moja hutumiwa kwa magonjwa kadhaa yenye vyanzo na tiba tofauti. Kosa kubwa la matibabu huanzia hapo.

Magonjwa mengi, jina moja

Bega ni kiungo kinachozunguka kuliko kingine chochote mwilini. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu, kilicho mviringo kama mpira, hukaa katika kitako kifupi cha mfupa wa kombe. Sehemu zote mbili zimefunikwa kwa gegedu, utando laini unaoteleza. Kwa kuwa kitako ni kifupi, mpira huo huzuiliwa mahali pake na misuli na kano nne zinazouzunguka. Juu yake kipo kiungo kidogo cha pili, ambapo mtulinga hukutana na kombe.

Ugonjwa ulio maarufu zaidi ni ule wa kulika kwa gegedu, unaojulikana na matabibu kama osteothritisi. Gegedu hupungua polepole, mfupa husuguana na mfupa, na vijipembe vya mfupa huota kandokando. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa huo mwaka 2019, asilimia 73 kati yao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 55. Goti ndilo huathirika zaidi. Bega huathirika kwa nadra kuliko goti au nyonga kwa sababu halibebi uzito wa mwili, na linapolika, mara nyingi huwa kuna historia: umri mkubwa, kuvunjika au kuteguka kwa zamani, kano zilizochanika bila kutibiwa, au miaka mingi ya kazi nzito.

Kuhusu kazi nzito, Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa kawaida zaidi ya kilo 55. Gunia la mahindi lililozoeleka katika biashara ya Kenya lina kilo 90.

Ugonjwa wa pili ni baridi yabisi ya uvimbe, ambapo kinga ya mwili huvishambulia viungo vyake yenyewe. WHO inakadiria kuwa watu milioni 18 walikuwa nao mwaka 2019, na takribani asilimia 70 walikuwa wanawake. Huu haungojei uzee. Huanza mara nyingi katika viungo vidogo vya vidole na vifundo vya mikono, pande zote mbili kwa pamoja, na asubuhi mgonjwa huamka amekakamaa kwa zaidi ya nusu saa.

Ugonjwa wa tatu una uzito wa pekee katika Pwani ya Kenya, ambako selimundu ni ugonjwa wa kurithi ulioenea. Chembe za damu zilizopinda huziba mishipa midogo inayolisha mfupa, na kichwa cha mfupa kikaanza kufa na kubonyea. Nyonga ndiyo huathirika zaidi, na bega hufuatia. Hivyo, kijana wa miaka 25 mwenye selimundu anayelalamika bega asidharauliwe kwa kuwa "baridi yabisi ni ya wazee".

Lipo pia bega lililoganda, ambalo si ugonjwa wa gegedu bali ni kukaza kwa ngozi ya ndani inayokifunika kiungo. Huwapata sana wenye kisukari. Bega huuma kwa miezi, kisha hukataa kugeuka upande wowote, na mara nyingi hulegea tena polepole baada ya mwaka mmoja hadi mitatu.

Uchunguzi ndio mwanzo

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kulijua jina halisi la ugonjwa. Daktari humwuliza mgonjwa maumivu yalianza lini na vipi, kisha hulisogeza bega mwenyewe na kulilinganisha na jinsi mgonjwa anavyoweza kulisogeza. Akiweza daktari kulifikisha mahali ambapo mgonjwa hafiki, huenda tatizo ni la kano au misuli. Wote wawili wakikwama mahali pamoja, huenda kiungo chenyewe kimelika au kimeganda.

Picha ya eksirei, ambayo hupatikana katika hospitali nyingi za umma, huonyesha nafasi iliyopungua kati ya mifupa, vijipembe na kubonyea kwa kichwa cha mfupa. Ikumbukwe kwamba picha si hukumu. Wako watu wenye picha mbaya na maumivu kidogo, na wako wenye picha nzuri wasiolala usiku. Vipimo vya damu husaidia kutambua baridi yabisi ya uvimbe, jongo, kisukari na selimundu.

Zipo dalili ambazo hazifai kusubiri hata siku moja. Bega lililovimba ghafla na kuwa la moto, likiandamana na homa, laweza kuwa na usaha ndani yake, na usaha huharibu gegedu kwa muda wa siku chache. Maumivu ya bega la kushoto yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba au kukosa pumzi yaweza kutoka moyoni. Maumivu yanayoandamana na kukonda, jasho la usiku au kikohozi cha muda mrefu yanahitaji uchunguzi wa kifua kikuu au uvimbe wa mapafu.

Kifua kikuu, ambacho bado kipo nchini, huweza kuingia ndani ya bega lenyewe. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana kutiwa bega la bandia, aliyepasuliwa na daktari Jules-Émile Péan jijini Paris mwaka 1893, alikuwa na kifua kikuu cha mfupa. Kiungo hicho cha madini na mpira kilitolewa baada ya miaka miwili hivi kwa sababu maradhi hayakuwa yameisha. Leo ugonjwa huo hutibiwa kwa vidonge.

Mazoezi: dawa isiyouzwa

Mgonjwa anayeumwa bega hulificha. Huufunga mkono kifuani na kuutumia mwingine. Siku chache za mapumziko zinafaa maumivu yakiwa makali, lakini wiki kadhaa za kutolisogeza hukaza ngozi ya kiungo na kudhoofisha misuli, na bega lililokuwa na tatizo moja likawa na matatu.

Mazoezi hayarudishi gegedu lililolika. Kazi yake ni kulinda mzunguko uliobaki na kuipa misuli nguvu ya kuushika mfupa vyema, ili msuguano na maumivu vipungue. Ni vizuri mgonjwa afundishwe na mtaalamu wa tiba ya viungo, yaani fiziotherapia. Yafuatayo ni mazoezi ya kawaida yanayofanyika nyumbani:

Kuning'iniza mkono. Mgonjwa huinama akiegemea meza kwa mkono mzima, na kuuacha ule unaouma uning'inie kama timazi ya mwashi. Kwa kuuyumbisha mwili, mkono huchora miduara midogo kwa dakika moja au mbili. Hufanywa mara mbili au tatu kwa siku.

Kutambaza vidole ukutani. Husimama akiuelekea ukuta na kuvipandisha vidole taratibu hadi ahisi mvuto, si maumivu makali. Hungoja kidogo, kisha huvishusha. Mara 10 zatosha.

Kusukuma kwa fimbo. Hulala chali, viwiko vikiwa vimekunjwa na kugusa mbavu, akishika fimbo au mpini wa ufagio kwa mikono yote miwili. Mkono mzima huusukuma ule mgonjwa kuelekea nje, kisha huurudisha.

Kubana makombe. Akiwa ameketi wima, huyavuta makombe ya mabega nyuma kama anayetaka kuyakutanisha, huhesabu hadi tano na kulegeza. Mara 10.

Kusukuma ukuta bila kusogea. Husimama ubavu kwa ukuta, kiwiko kimekunjwa, na kuusukuma ukuta kwa upande wa nje wa ngumi kwa sekunde tano. Misuli hufanya kazi ilhali kiungo kimetulia, kwa hiyo zoezi hili huvumilika hata na wenye maumivu.

Kanuni ya kupima ni rahisi. Maumivu madogo wakati wa zoezi si hatari. Yakiendelea kwa saa kadhaa baadaye au kumwamsha mgonjwa usiku, basi amezidisha na apunguze. Aidha, bega ambalo mifupa yake imekwisha kusuguana halifai kulazimishwa kwa nguvu, iwe na mgonjwa mwenyewe au na mtu anayedai "kulivunja". Matokeo huhitaji subira ya wiki sita hadi 12, na wengi huacha katika wiki ya pili wakidhani hayafai.

Joto, barafu na mpangilio wa kazi

Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, kikiwekwa begani kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya mazoezi, hulegeza misuli. Barafu iliyofungwa katika kitambaa hufaa bega linapouma ghafla baada ya kazi. Mwenye kisukari aliyepungukiwa na hisia mwilini apime moto huo kwa mkono wa mtu mwingine, kwani wengi wameungua bila ya kujua.

Usiku, mgonjwa alale chali akiwa na mto mdogo chini ya kiwiko, au alalie upande mzima huku mkono unaouma ukikumbatia mto. Nguo zivaliwe kwa kuanza na mkono mgonjwa na kuvuliwa kwa kuumalizia.

Kwa anayeishi kwa jasho lake, ushauri wa "acha kubeba mizigo" ni sawa na kumwambia aache kula. Lililo karibu na uwezo wake ni kubadilisha namna ya kubeba. Mzigo ulio karibu na mwili, chini ya usawa wa kifua, hulichosha bega kidogo kuliko ulionyoshewa mkono au kuinuliwa juu ya kichwa. Mitungi miwili ya lita 10 ni afadhali kuliko mmoja wa lita 20. Kamba ya kuanikia nguo ishushwe, na vyombo vya kila siku viteremshwe kutoka rafu ya juu. Katika ibada, mgonjwa ambaye kusujudu kunamwumiza anaruhusiwa na sheria kuswali kwa kadiri awezavyo, hata akiwa kitini.

Aliyeumia bega kazini ahakikishe kwamba ajali hiyo imeandikwa, hata kama ilionekana ndogo. Kenya ina Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007, na bega lililoteguka leo laweza kuja kulika miaka mingi baadaye.

Dawa za kumeza na kupaka

Parasetamoli ndiyo dawa inayoanzwa na wengi. Nguvu yake kwa ugonjwa wa viungo ni ndogo, lakini ikitumiwa kwa kipimo ni salama kwa watu wengi. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku, na mwenye maradhi ya ini au mwili mdogo apunguziwe na daktari.

Dawa za kutuliza uvimbe kama vile ibuprofeni, diklofenaki na naprokseni zina nguvu zaidi na madhara zaidi. Huchubua tumbo na kusababisha vidonda vinavyovuja damu, hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Hatari huzidi kwa wazee, kwa wenye maradhi ya moyo na figo, na kwa wanaomeza dawa za presha pamoja na za kuongeza mkojo. Wajawazito waziepuke kuanzia wiki ya 20 isipokuwa kwa amri ya daktari. Asiyeweza kuziepuka atumie kipimo kidogo kabisa kinachomfaa, kwa siku chache, baada ya chakula, na daktari anaweza kumpa dawa ya kulinda tumbo. Kumeza aina mbili za kundi hili kwa pamoja hakuongezi nafuu, bali huongeza madhara.

Mwezi wa Ramadhani huhitaji uangalifu. Mwenye kutumia dawa mara mbili kwa siku aweza kuzipanga baada ya futari na daku. Lakini mfungaji aliyepungukiwa na maji katika joto la Pwani huzipa figo zake mzigo mara mbili akimeza diklofenaki kila usiku. Ni busara azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Dawa za kupaka zenye diklofenaki huingia kidogo katika damu na kwa hiyo ni salama zaidi. Zimethibitika kusaidia goti na vidole. Bega limefunikwa na nyama nene, na nafuu yake huwa haba, ingawa kile kiungo kidogo cha mtulinga kilicho karibu na ngozi huweza kufaidika.

Dawa kali kama tramadoli hazipendekezwi kwa matumizi ya muda mrefu. Hutia usingizi na kizunguzungu, humwangusha mzee, na huleta uraibu. Pwani inayajua vyema machungu ya uraibu.

Kwa baridi yabisi ya uvimbe mambo ni tofauti kabisa. Hapo dawa za maumivu pekee hazitoshi, kwani ugonjwa huendelea kula viungo kimyakimya. Zinahitajika dawa za kuituliza kinga ya mwili, na iliyo maarufu ni methotreksati. Zikianzwa mapema, huokoa viungo. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kwa makosa kumeua watu. Haifai kwa mjamzito, na anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara.

Vidonge vya "miujiza"

Onyo kubwa zaidi lahusu vidonge vya steroidi, kama vile prednisoloni na deksamethasoni, vinavyonunuliwa bila ya cheti au kuchanganywa kwa siri katika "dawa za asili" za unga. Mgonjwa huamka siku ya pili hana maumivu, uso ukamjaa na hamu ya chakula ikamrudia. Humsifu muuzaji na kuwaletea jirani.

Baada ya miezi kadhaa huja malipo yake: sukari hupanda, presha hupanda, mifupa hulainika, na maradhi ya kuambukiza humpata kwa urahisi. Zaidi ya hayo, steroidi za kumeza kwa muda mrefu ni miongoni mwa sababu kuu za kufa kwa kichwa cha mfupa wa nyonga na wa bega. Dawa aliyoinywa kuliponya bega ndiyo inayoliua. Aliyezitumia kwa wiki nyingi asiziache ghafla, kwani hilo nalo ni hatari. Aende hospitalini na vidonge vyenyewe ili apunguziwe hatua kwa hatua.

Steroidi zina kazi yake halali mikononi mwa daktari, hasa katika baridi yabisi ya uvimbe.

Sindano za begani

Sindano ya steroidi ndani ya kiungo huhitaji kipimo kidogo, hivyo madhara yake mwilini ni machache kuliko ya vidonge. Huweza kuleta nafuu kwa wiki kadhaa, pengine hadi miezi mitatu, na nafasi hiyo itumike kufanya mazoezi yaliyokuwa hayawezekani. Kwa kuwa kiungo cha bega kiko ndani, sindano inayoongozwa kwa altrasaundi hufika mahali pake kwa uhakika zaidi.

Kwa kawaida hazizidi tatu au nne kwa mwaka. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari yake hupanda kwa siku kadhaa baada ya sindano, na aipime mara nyingi zaidi. Anayetarajia upasuaji wa bega katika miezi mitatu ijayo asidungwe, kwa sababu hatari ya usaha huongezeka.

Sindano za asidi ya hialuroni, zinazotangazwa kuwa "grisi ya viungo", ni ghali. Chama cha madaktari wa mifupa wa Marekani kiliupitia ushahidi na kutoa mwongozo mwaka 2020 kwamba hazina faida kwa bega lililolika. Sindano za damu ya mgonjwa mwenyewe iliyochujwa na zile za seli shina hazijathibitishwa. Familia isiuze kiwanja kwa ajili yake.

Njia nyingine, isiyojulikana na wengi, ni kudunga dawa ya ganzi karibu na mshipa wa fahamu unaopita juu ya kombe na kulihudumia bega. Huwasaidia hasa wazee ambao hawawezi kupasuliwa kwa sababu ya moyo au mapafu.

Kuchuliwa, kuumika na miti shamba

Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi, ya simsim au ya karafuu hulegeza misuli iliyokaza na kumpa mgonjwa faraja. Hakuna ubaya iwapo anayechua hatumii nguvu wala kuligeuza bega kwa kishindo. Bega lenye homa, lililovunjika, au la mgonjwa wa selimundu aliye katika maumivu makali lisichuliwe.

Kuumika, au hijama, kuna historia ndefu katika Mji wa Kale. Ushahidi wa kitabibu kuhusu faida yake kwa maumivu ni dhaifu, na hakuna unaoonyesha kwamba hurudisha gegedu. Mwenye kuchagua njia hiyo ahakikishe kuwa wembe ni mpya na vikombe havijatumika kwa mwingine, kwani virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi hupitia damuni. Anayemeza dawa za kuyeyusha damu, na mwenye upungufu wa damu, asiumikwe.

Tangawizi, manjano na habasoda katika chakula hazidhuru watu wengi, lakini si badala ya tiba. Vidonge vya glukosamini huuzwa kwa bei kubwa ilhali majaribio mengi hayajaonyesha faida ya maana.

Lini kisu kifikiriwe

Upasuaji hufikiriwa mgonjwa anapokuwa amejitahidi kwa miezi kadhaa bila ya nafuu, hapati usingizi, na hawezi kujihudumia. Hata hapo uamuzi ni wake. Hakuna haja ya kuharakisha kwa kuogopa kuwa bega "litaharibika zaidi", isipokuwa pale daktari anapoona kano zilizochanika karibuni, usaha, au mfupa unaokufa ambao bado waweza kuokolewa.

Pa kuanzia

Mkazi wa kisiwani hana haja ya kuanzia mbali. Kituo cha afya cha karibu kinaweza kumpima presha na sukari na kumwandikia barua ya rufaa. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Coast General, iliyoko Makadara na ambayo wenyeji wengi huiita kwa jina la mtaa huo, ndiyo kubwa kuliko zote za umma katika eneo la Pwani. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya bima ya NHIF tangu Oktoba 1, 2024, na mgonjwa aliyejisajili na kulipa mchango wake aulize mapema ni huduma zipi zinazolipiwa katika hospitali anayokwenda.

Aende na orodha ya dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba, na picha za zamani kama anazo. Amweleze daktari kazi anayofanya na kile asichokiweza tena: kuinua mtungi, kufunga leso, kulala. Maelezo hayo humsaidia tabibu kuliko neno "naumwa" peke yake, na ndiyo kipimo cha kuonyesha baada ya miezi mitatu kama tiba inafaa.

Bega lililolika halirudi kuwa la ujana. Lakini kati ya bega la ujana na mkono usiofanya kazi kuna nafasi kubwa, na wagonjwa wengi wanaweza kuishi humo, wakala kwa mkono wao na kulala usingizi wao. Mazoezi ya kila siku, dawa kwa kipimo, na mzigo unaopunguzwa ndivyo vinavyowafikisha hapo. Haba na haba, walisema wahenga, hujaza kibaba.